Zamani Ipi Iliyokuwa Njema?

Katika mabaraza ya Unguja na Pemba ni machache mambo yazungumzwayo na wazee kwa hamu kuliko wema wa zamani. Samaki, husema, alikuwa mnono na bei yake haikumtisha mtu. Nazi iliokotwa wala haikununuliwa. Mgeni hakuulizwa atokako kabla ya kunawa mikono na kula. Na mtoto wa mtu alikuwa mtoto wa mtaa mzima, akikosa aliadhibiwa na yeyote aliyemwona. Vijana husikiliza, wengine kwa adabu na wengine kwa kicheko cha chini, kisha hujibu kwa kutaja umeme, simu, shule na hospitali. Mashindano haya huanza baada ya sala ya alasiri, na aghalabu hukatwa na adhana ya magharibi kabla ya upande mmoja kuushinda wa pili. Kesho yake huanza tena.

Kutokwisha kwake kuna sababu. Neno zamani hutumiwa kana kwamba ni wakati mmoja, nao ni nyakati nyingi zisizofanana. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo, mjini Unguja, walikataa kulipa kodi ya ardhi ambayo juu yake walikuwa wamejenga vibanda vyao. Mwaka 1948 wachukuzi wa bandarini waligoma, na mgomo wao ukaenea mpaka shughuli za mji zikasimama. Tarehe 30 Julai 1951 wakulima wa Kiembe Samaki walipambana na polisi kwa sababu ya amri ya kuwachanja ng'ombe wao na kwa uchungu wa ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya kiwanja cha ndege. Watu walipigwa risasi wakafa, na siku ile ikabaki midomoni mwa watu kwa jina la Vita vya Ng'ombe. Mwenye shamba la mikarafuu, na yule aliyeipalilia mikarafuu hiyo bila ya kumiliki hata mti mmoja, walikaa kijiji kimoja na kunywa maji ya kisima kimoja, lakini hawakuishi zamani moja. Basi mtu aulizwapo kama maisha ya leo ni bora kuliko ya zamani, hana budi kuuliza kwanza: zamani ipi, na ya nani?

Ni vigumu kupima ukarimu wa watu wa 1950 na ukarimu wa watu wa leo, maana ukarimu hauandikwi katika daftari. Lakini lipo jambo moja lililoandikwa, ambalo linaweza kufuatwa miaka kwa miaka bila ya kutegemea hamu ya mzee wala kiburi cha kijana. Jambo hilo ni homa ya malaria. Katika visiwa hivi viwili homa hii iliwahi kutawala, ikashushwa, ikarudi, na ikashushwa tena, yote katika umri wa mtu mmoja ambaye bado yu hai na anaketi barazani.

Kabla ya miaka ya mwisho ya 1950, zaidi ya nusu ya watoto wa visiwani walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu yao wakati wowote waliopimwa. Waganga wa serikali hawakuhitaji hata hadubini kujua ukubwa wa maradhi. Walipapasa matumbo ya watoto, wakakuta bandama zimevimba. Mtoto aliyevuka miaka mitano ya kwanza alipata kinga ya namna fulani, kwa kuwa mwili wake ulikuwa umeumwa mara nyingi mpaka ukaizoea homa. Ukubwani aliugua siku mbili tatu, akanywa kwinini au majani ya mwarobaini, akarudi shambani. Gharama ya kinga hiyo ililipwa na wale ambao hawakuivuka miaka mitano. Mama aliyezaa mara nane hakutazamia kuwalea wanane.

Usiku ndio uliokuwa wakati wa hofu. Mtoto mwenye homa kali hukakamaa ghafla, macho yakageuka juu, meno yakasagana. Watu wa pwani waliliita jambo hili degedege, na wengi waliamini kwamba ni ndege apitaye usiku juu ya nyumba, ambaye kivuli chake kikimwangukia mtoto humshika. Mtoto alifukizwa mafusho, akaandikiwa kombe, akafungwa hirizi mkononi. Hospitali iliogopwa, kwa kuwa ilikuwa imani ya wengi kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano hufa hapo hapo. Msomaji wa leo asiharakishe kuwacheka. Mtoto aliyepelekwa hospitali baada ya siku tatu za mafusho alifika akiwa ukingoni mwa mauti. Alidungwa sindano akafa, na majirani waliona kwa macho yao sindano ikitangulia na kifo kikifuata. Walichokosa ni habari za watoto waliopelekwa mapema wakapona, nao walikuwa wachache mno kuwa ushahidi.

Hapa ndipo ilipo kasoro ya ushahidi wa barazani. Mzee wa miaka 80 asimuliaye leo alizaliwa karibu na mwaka 1945. Ni shahidi wa kweli, wala hasemi uongo asemapo kwamba samaki alikuwa mnono na watu walipendana. Lakini ni shahidi aliyebaki. Wenzake waliozikwa kabla ya kujua kutembea hawana zamani ya kuisimulia, na mama zao, walioweza kusimulia kwa niaba yao, aghalabu walinyamaza, kwa sababu msiba wa mtoto mchanga ulikuwa jambo la kawaida lisiloongezewa maneno. Mzee anayakumbuka maandazi ya Idi. Kaburi dogo nyuma ya nyumba halikumbuki, maana lilichimbwa naye akiwa na umri wa miaka mitatu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ya wakati huo, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani, ilianza kazi ya kutaka kuing'oa malaria visiwani. Njia yake ilikuwa rahisi kuielewa. Mbu aambukizaye homa hii huuma usiku, na akishashiba damu hutua ukutani kupumzika. Ukuta ukipakwa sumu, mbu hufa kabla ya kupata siku za kutosha za kukipevusha kijidudu tumboni mwake na kukipeleka kwa mtu mwingine. Basi wafanyakazi walipita nyumba kwa nyumba na mabomba ya dawa, DDT ikiwa miongoni mwa dawa hizo, wakapuliza kuta na dari za vyumba vya kulala. Haikuwa kazi ndogo kwa upande wa wananchi. Haikuwa imepita hata miaka kumi tangu wakulima wa Kiembe Samaki kupigwa risasi kwa kukataa sindano za ng'ombe, na sasa mtumishi wa serikali ile ile alipiga hodi akitaka kuingia chumbani alalamo mke wa mtu. Kama milango isingefunguliwa, kazi isingefanyika.

Upulizaji ulidumu miaka ipatayo kumi, na katika muda huo visiwa vilibadilika kuliko wakati wowote tangu kukomeshwa utumwa mwaka 1897. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963; Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964; na tarehe 26 Aprili mwaka huo huo Zanzibar ikaungana na Tanganyika. Wapulizaji walianza kazi chini ya Waingereza, na walipomaliza nchi ilikuwa ikiongozwa na Baraza la Mapinduzi. Kufikia mwaka 1968 watoto waliokutwa na vijidudu hawakufika kumi katika kila mia moja, na Pemba walikuwa wachache zaidi kuliko Unguja.

Mtoto aliyezaliwa katika kijiji cha Unguja mwaka 1960, hasa mtoto wa mkulima asiye na shamba, alibahatika kwa namna ambayo baba yake hakuibahatika. Alilala usiku bila ya homa, na tarehe 23 Septemba 1964, kabla hajafika umri wa kuanza shule, ilitangazwa kwamba elimu itatolewa bila malipo. Huyu akisema kuwa zamani ilikuwa njema, madaftari ya afya yatamsadikisha. Hata hivyo miaka hiyo hiyo ilikuwa na nyumba nyingine, ambazo watu wao waliuawa katika Mapinduzi, au walikimbilia ng'ambo ya bahari, au walifungwa bila ya kuhukumiwa. Watu wa nyumba hizo nao wana zamani yao, na si haki kuwataka waikubali ya jirani.

Mwaka 1968 kazi ya kupuliza ilikoma. Malaria ilikuwa imeshushwa lakini haikuwa imeng'olewa, na tofauti baina ya mambo hayo mawili haionekani kwa macho ya mtu asiyeumwa. Mtoto wa jirani hafi, bandama haivimbi, kwa nini basi watu waendelee kutoa vitanda nje kila baada ya miezi kadhaa ili kuta zipulizwe? Haikupita miaka mingi homa ikarudi. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 vijidudu vilikutwa tena katika zaidi ya nusu ya watu waliopimwa, kama kwamba ile miaka kumi haikuwapo. Tena iliwakuta watoto waliokulia katika raha, ambao miili yao haikuwa imeizoea homa kama ilivyoizoea miili ya wazee wao.

Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa miaka ya foleni. Serikali iliyataka mapato ya karafuu yahifadhiwe na watu wale walichokilima, ikapunguza mchele, unga na sukari vilivyoagizwa kutoka nje; chakula kikagawanywa kwa kipimo, na mama wa nyumba alijua kwamba akichelewa kuamka atarudi na kikapu kitupu. Jambo la kusikitisha ni kwamba njaa hii ilikuja wakati hazina ya visiwa haikuwa tupu. Basi mtoto wa mwaka 1973 alizaliwa miaka kumi na zaidi baada ya kaka yake wa mwaka 1960, akapata maradhi mengi zaidi na chakula kichache zaidi. Wale wanaodhani kwamba kila mwaka huja na heri yake mkononi, kama mgeni ajaye na zawadi, wangefaa kuwaweka ndugu hawa wawili mbele yao na kuwatazama.

Jaribio la pili, lililofanywa kwa msaada wa Marekani kuanzia 1984 hata mwishoni mwa muongo ule, halikufua dafu. Mbu walikuwa wamekwisha kuizoea DDT, na dawa ya klorokwini, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa tumaini la kila nyumba, ilianza kushindwa na vijidudu. Ni wakati huo huo bei ya karafuu ilipoanguka, kwa kuwa Indonesia, mnunuzi mkubwa kuliko wote, ilikuwa imepanda mikarafuu yake yenyewe. Biashara ilifunguliwa katika mwaka 1984 na 1985, maduka yakajaa vitambaa na sabuni. Waliokuwa na fedha walishukuru, na wasiokuwa nazo walitazama.

Mabadiliko ya tatu yalianza mwezi wa Septemba mwaka 2003, ilipoletwa katika vituo vya afya dawa mseto yenye asili ya mmea wa jamii ya pakanga uliotumiwa na waganga wa China tangu kale. Vikafuata vyandarua vilivyotiwa dawa, na mwaka 2006 upulizaji wa kuta ukaanza tena kwa dawa mpya. Matokeo yake yaliwastaajabisha hata wataalamu waliokuja kuyapima. Katika Wilaya ya Kaskazini A, Unguja, vifo vya watoto walio chini ya umri wa miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya nusu kati ya mwaka 2002 na 2005. Baada ya miaka michache waliokutwa na vijidudu visiwani hawakufika hata mmoja katika kila mia. Wodi za watoto, ambazo msimu wa masika zililaza wawili na watatu kitanda kimoja, zilibaki na vitanda vitupu. Wauguzi wenye umri waliijua maana ya vitanda vile. Vijana waliviona ni samani tu.

Ama kuhusu hasara za wakati huu, si haki kuzikana kwa kuwa homa imepungua. Mwaka 1958 watu wa Unguja na Pemba walikuwa karibu 300,000. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa 1,889,773. Visiwa havikuongezeka hata shubiri moja. Ndiyo maana nazi hununuliwa, na shamba la babu limegawanywa mpaka mpaka wake umekuwa ni mchaichai wa jirani. Katika idadi hiyo wamo wahamiaji, na umo uzazi mwingi, lakini wamo pia wale ambao zamani wangezikwa wachanga. Mzee alalamikaye kwamba ardhi imekuwa finyu huwahesabu, bila ya kujua, watoto waliopona.

Wageni watembezi kutoka nchi za nje walipita 700,000 katika mwaka 2024, nao hula samaki. Nguru na pweza huenda hotelini kabla ya kufika sokoni, na fukwe ambazo wavuvi walianika nyavu sasa zina uzio. Katika hili maneno ya wazee ni ya kweli, wala hayajibiwi kwa kuonyeshwa simu. Lakini katika pwani hiyo hiyo ya mashariki wapo wanawake ambao zamani yao ilikuwa kufukia makumbi ya nazi matopeni, kuyafukua baada ya miezi, na kuyapiga kwa magongo ili wapate usumba wa kusokotea kamba. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza, wengi wao walishika kwa mara ya kwanza fedha zilizokuwa zao wenyewe, wakanunua vitanda, wakalipia shule, wakajenga vyumba. Tangu hapo bahari imekuwa ikipata joto, na mwani ule wenye bei nzuri hufa mara kwa mara. Mwanamke wa Paje akiulizwa ni ipi iliyokuwa zamani njema, huenda asitaje utoto wake wala ujana wa bibi yake, bali miaka ile michache ambayo mwani ulikubali.

Kwa hivyo wema wa wakati wowote umeshikiliwa na mikono ya watu, na mikono ikilegea wema huanguka. Mfano wake ulionekana hata katika umeme. Mwezi wa Mei mwaka 2008 umeme uletwao Unguja kutoka bara kwa waya upitao chini ya bahari ulikatika, na kisiwa kikakaa kiasi cha mwezi mzima gizani. Ukakatika tena mwezi wa Desemba 2009, kwa miezi mitatu. Mifereji ilikauka, kwa kuwa pampu za maji ziliendeshwa kwa umeme huo. Watu walitafuta visima vya babu zao, wakakuta vingine vimefukiwa kwa kuwa havikuwa na haja tena. Siku zile wazee waliulizwa mambo ambayo hawakuwa wameulizwa kwa miaka mingi, nao waliyajua.

Kadhalika malaria. Fedha nyingi za vyandarua, za dawa mseto na za kupuliza zilitoka nje, hasa katika Mfuko wa Dunia na katika serikali ya Marekani. Mwaka 2025 serikali hiyo ililivunja shirika lake la misaada, na nchi nyingi za Afrika zikalazimika kuhesabu upya ni nani atakayenunua chandarua kijacho. Mbu wa Zanzibar hawakwenda popote. Vijidudu navyo huja kila siku katika damu ya wasafiri washukao bandarini, na mvua zikizidi wagonjwa huongezeka. Wapo wasemao kwamba, madhali ugonjwa umekuwa mdogo, zipo haja nyingine zilizo kubwa zaidi. Maneno hayo mwaka 1968 yangesikika kuwa ya busara.

Siku hizi, mgonjwa mmoja akikutwa na malaria katika kituo cha afya, habari zake hupelekwa kwa simu, na afisa wa wilaya hupanda pikipiki akaenda mpaka nyumbani kwake. Hupiga hodi kama walivyopiga wale wa mabomba. Huuliza ni nani aliyesafiri, hutazama vyandarua, kisha huwatoboa vidole wote waliomo, wakubwa kwa wadogo, atafute katika tone la damu kile ambacho jicho halikioni. Mzee aliyekuwa barazani akiisifu zamani naye huitwa. Husimamisha hadithi yake, huingia ndani, akatoa kidole.